Ninunue mikisa ya mezani, au mikono yangu inatosha?

BARUA

Dada mpendwa,

Ninakuandikia huku unga haujanitoka kwenye kucha. Leo ni Jumamosi, na kila Jumamosi nakanda mikate minne ya wiki nzima: kilo mbili za unga, kwa mikono, kwenye beseni lile lile aliloniachia mama nilipoanza maisha yangu. Huu ni mwaka wa sita na sijawahi kulalamika. Watoto wameuzoea mkate wangu, wa kununua wanautafuna huku wamenuna.

Keki ndiyo inayonitoa machozi. Mara mbili kwa mwezi naoka keki ya kawaida ya siagi, sukari, mayai na unga, na kila mara inatoka nzito, chini ina mstari mbichi kama sabuni iliyolowa. Juu inapendeza. Ukiikata ndipo aibu inapoonekana. Ninavyofanya ni hivi: nayeyusha siagi kwenye sufuria ili ichanganyike upesi, natia sukari, natia mayai yakitoka kwenye friji, kisha unga vikombe viwili na nusu, halafu naupiga mchanganyiko kwa mwiko mpaka mkono uchoke kabisa, maana nilifundishwa kwamba keki ikipigwa sana ndiyo inakuwa laini.

Wifi yangu alinunua mikisa ya mezani mwaka jana, ile mashine kubwa ya kuchanganyia na kukandia, yenye bakuli lake la chuma na kichwa kinachoinuliwa. Keki zake ni pamba. Anasema tofauti yetu ni mashine tu. Mume wangu anasema itakuwa pambo: tutaifurahia mwezi mmoja, kisha itaingia kabatini ikae na mashine ya juisi ambayo hatujaigusa tangu tuhamie hapa. Mama naye, nilipomgusia, alisema mkate usiopita mikononi hauna ladha, na kwamba nikianza mambo ya mashine nitakuwa mvivu.

Nimejiwekea akiba kidogo kidogo na inatosha kununua moja. Lakini imenichukua muda mrefu kuikusanya, sitaki kuijutia. Jiko langu ni dogo. Halafu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: miezi ya karibuni, nikishakanda, kifundo cha mkono wa kulia kinauma mpaka Jumapili, na usiku kidole gumba na viwili vinavyokifuata vinakufa ganzi. Naamka, naukung'uta mkono, narudi kulala.

Niambie ukweli, dada. Mashine hii inamfaa mtu anayeoka kwa ajili ya nyumba yake tu, asiyeuza? Au ni tamaa ya macho?

Mwokaji wa Jumamosi


JIBU

Mdogo wangu,

Jambo uliloliweka mwisho wa barua, kama vile halina uzito, ndilo nitakaloanza nalo. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, inayokuamsha usiku na kutulia ukiukung'uta mkono, mara nyingi hutokana na neva inayobanwa inapopita kwenye kifundo. Si lazima iwe hiyo, na mimi si daktari. Nenda ukamweleze daktari maneno yale yale uliyoniandikia, tena umwambie kwamba kila wiki unakanda kilo mbili za unga. Hali hiyo ikiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi kuliko ikiachwa miaka. Usisubiri mashine ndipo uende.

Sasa jibu la swali lako: nunua. Ila ununue kwa ajili ya mkono wako na kwa ajili ya mikate. Usinunue kwa ajili ya keki, kwa sababu keki yako haina tatizo ambalo mashine inalijua. Ukiipeleka kwenye mashine jinsi unavyoifanya sasa, itatoka nzito zaidi.

Nikueleze kwa nini. Upole wa keki ya siagi unaanza mapema, kabla unga haujaguswa. Siagi iliyo laini ikipigwa pamoja na sukari, punje za sukari zinachimba vitundu vidogo vidogo vya hewa ndani ya ile siagi, na siagi inavishikilia. Ndiyo maana rangi inafifia kutoka njano kwenda karibu na nyeupe, na ujazo unaongezeka mbele ya macho yako. Bekingi pauda unayoitia baadaye haitengenezi vitundu vipya. Inachofanya ni kutoa gesi inayoingia kwenye vile vilivyokwisha kuwepo na kuvitanua ndani ya oveni. Kama havikuwepo, gesi inapotea hivi hivi.

Wewe siagi unaiyeyusha. Siagi iliyoyeyuka ni mafuta na maji, haiwezi kushika hewa hata ukiipiga mpaka kesho. Hapo keki yako ilikwisha kupotea dakika ya kwanza. Kisha unatia mayai ya baridi, na mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoganda. Kisha unga unaupima kwa kikombe. Kikombe kimoja cha unga uliomiminwa kwa kijiko ni gramu 120 hivi, na cha unga uliochotwa na kushindiliwa kinapita gramu 150. Kwa vikombe viwili na nusu, huo ni unga wa ziada wa kutosha kuibadilisha keki nzima. Na mwisho unakuja mwiko, na ule usemi kwamba keki ipigwe sana.

Usemi huo una ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuponza. Pigo kubwa ni la siagi na sukari. Unga ukishaingia, mkono uwe mwepesi, kwa sababu unga wa ngano ukikutana na maji na kusuguliwa unatengeneza gluteni, yaani utando unaovutika. Katika mkate tunautafuta kwa nguvu zote. Katika keki unaleta ugumu. Na hapo mikisa ya mezani ni hatari: kazi ambayo mwiko unaifanya kwa dakika kadhaa, yenyewe inaimaliza ndani ya nusu dakika, na ukigeuka kujibu simu umeshaharibu.

Kwa hiyo wiki ijayo fanya hivi, bila kununua chochote isipokuwa mizani ndogo ya jikoni kama huna. Pasua mayai manne, yapime bila maganda. Yatakuwa gramu 200 hivi. Uzito huo huo uwe wa siagi, wa sukari na wa unga. Bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Siagi na mayai viwe vimekaa nje ya friji mpaka ukibonyeza siagi kwa kidole unaacha shimo, lakini haing'ai wala haitoi mafuta. Hapo ipo kwenye nyuzi 18 hadi 20. Piga siagi na sukari mpaka zififie rangi na kuwa kama krimu. Tia yai moja moja, ukilipiga lipotee kabla ya kutia la pili. Unga uchekeche, utie mara mbili, ukunje taratibu kwa mwiko mpaka usiuone tena. Ukishaacha kuuona, acha. Nyuzi 180 za oveni, na usifungue mlango kabla ya nusu saa.

Halafu muulize wifi yako siagi anaitia ikiwa katika hali gani. Sina shaka atakuambia laini, isiyoyeyushwa. Keki zake ni pamba kwa sababu ya hilo. Mashine inamsaidia kutochoka, basi.

Ungekuwa mwokaji wa keki tu, hapa ningekuambia ununue mikisa ndogo ya mkono, ile yenye vipigio viwili, na akiba iliyobaki uirudishe mahali pake. Inapiga siagi na sukari kwa dakika tatu au nne, inapiga mayai, inapiga krimu, na ukimaliza unaitia kwenye droo. Wengi walionunua mashine kubwa walihitaji hiyo ndogo. Isichoweza ni unga wa mkate. Ukiitia kwenye donge zito, mota inapata moto na vipigio vinapanda juu vikiwa vimebeba donge lote.

Tuje kwenye mkate, ambako wewe ni fundi kuliko unavyojisifu.

Kukanda kunafanya nini? Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili, gliadini na glutenini. Maji yakiingia zinaanza kushikana, na mkono ukizivuta na kuzikunja zinapangika, zikawa wavu unaozuia gesi ya hamira isitoroke. Unajua mwenyewe dakika inapofika: donge linaacha kunata, linakuwa na ngozi, ukilibonyeza linarudi. Ukikata kipande kidogo na kukivuta polepole kati ya vidole, kinakuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Mashine inaifikisha hapo kwa dakika tano hadi nane, mkono kwa dakika kumi au zaidi. Mkate ni ule ule. Nimewahi kuoka mikate miwili, mmoja wa mkono na mmoja wa mashine, kwa unga mmoja na oveni moja, nikawapa watu wa nyumbani. Hakuna aliyejua upi ni upi, na mimi mwenyewe niliitambua kwa sababu niliipasua alama tofauti.

Kuna na njia ya tatu ambayo waokaji wengi wa nyumbani hawaiamini mpaka waione, nayo ni muda. Mwalimu wa waokaji wa Ufaransa, Raymond Calvel, alifundisha miaka ya 1970 kwamba unga na maji vikichanganywa tu na kuachwa dakika 20 au 30 kabla ya kutia chumvi na hamira, gluteni inaanza kujijenga yenyewe na kazi ya kukanda inapungua sana. Na mwaka 2006 mwokaji wa New York, Jim Lahey, alijulikana duniani kwa mkate usiokandwa kabisa: unga wenye maji mengi, hamira robo kijiko cha chai, ukaachwa saa 12 hadi 18, kisha ukaokwa ndani ya chungu kizito kilichofunikwa. Unatoka na ganda linalolia ukilikata.

Njia hiyo ya muda ndiyo ninayotaka uifuate kuanzia Jumamosi hii, mkono ukipumzika. Changanya unga, maji, chumvi na hamira kwa mwiko, mpaka pasiwe na unga mkavu tu. Funika, acha nusu saa. Kisha lowesha mkono wa kushoto, shika upande mmoja wa donge, uvute juu, ukunjie katikati. Zungusha beseni, fanya pande nne. Funika. Rudia kila baada ya nusu saa, mara nne. Mara ya kwanza litakuwa kama uji mzito na utaninung'unikia. Mara ya nne utalikuta limesimama lenyewe, laini, limejaa hewa, na hujakandamiza chochote kwa kifundo.

Utaniuliza: kama muda unaweza haya yote, kwa nini basi unaniambia ninunue? Kwa sababu ya kilo mbili. Kukunja mkate mmoja ni mchezo, lakini kunyanyua donge la kilo tatu na zaidi, likishachanganywa na maji, kila nusu saa, kwa mkono unaokufa ganzi, ni mzigo. Na kwa sababu Jumamosi si yako peke yako. Kukaa nyumbani saa tatu ukilinda beseni ni gharama pia, hata kama hailipiwi. Kama ungeoka mkate mmoja kwa wiki na mkono ni mzima, ningekuambia kaa na pesa zako. Hali yako ni nyingine.

Mashine hii tangu mwanzo ilibuniwa kwa ajili ya wingi. Mhandisi wa Marekani, Herbert Johnston, alimwona mwokaji mwaka 1908 akikoroga donge zito kwa kijiko cha chuma, akaona pana haja ya mashine. Ile iliyokamilika mwaka 1914 ilikuwa na bakuli la karibu lita 76, ikaingia kwenye viwanda vya mikate na kwenye meli za kivita. Ya nyumbani ilikuja mwaka 1919, nayo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Mwendo wake ndio tunaoutumia hadi leo: bakuli limetulia, kono, yaani kile kifaa cha kuchanganyia kinachoshuka ndani ya bakuli, linajizungusha lenyewe huku likilizunguka bakuli, kama dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua, hivyo linafika kila pembe. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kuutunza mwendo huo kwa dakika kumi bila kubadilika. Anayeoka kwa wingi, au anayeumwa, ndiye anayeifaidi kweli.

Kuna kazi nyingine chache ambazo hapo ndipo mashine inapojilipa, na nakutajia kwa sababu ukishakuwa nayo utazitamani. Ute wa mayai unaopigwa huku ukimiminiwa shira ya moto ya sukari, nyuzi 115 hadi 121, kutengeneza povu zito la kupambia keki: mkono mmoja una sufuria inayochemka, na wa pili unataka kuendelea kupiga bila kusimama. Peke yako, kwa kipigio cha waya cha mkono, ni kujitafutia kuungua. Pili ni mkate wa siagi na mayai, ule Wafaransa wanaouita brioche, ambao siagi yake yaweza kufikia nusu ya uzito wa unga. Lazima gluteni ijengeke kwanza, ndipo siagi iingie kipande kwa kipande. Kwa mkono joto la kiganja linaiyeyusha siagi kabla haijaingia, unabaki unasukuma kitu kinachoteleza. Kwenye mashine unakaa pembeni ukidondosha vipande na kutazama donge likichanika, likifanana na kitu kilichoharibika, kisha ghafla likijikusanya na kung'aa kama hariri. Mara ya kwanza kuiona nilisimama pale mpaka mwisho, kazi nyingine zote nikaziacha.

Biskuti, mikate ya haraka isiyo na hamira, keki za vikombe za kuchanganya tu: hizo baki na mwiko. Kuosha bakuli na kono kutachukua muda mrefu kuliko kuchanganya. Na vipimo vidogo haviipendi mashine kubwa. Ute wa yai moja unakaa chini ya kono la nyaya, mashine inazunguka bure.

Unapokwenda kununua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atakutajia wati. Wati ni umeme ambao mashine inaula, hazikuambii nguvu inayofika kwenye kono. Muulize mambo mengine. Inaruhusu unga kiasi gani kwa mara moja, kwa donge la mkate, si kwa keki? Jibu litafute kwenye kitabu chake cha maelekezo. Giya zake ni za chuma au za plastiki, na zikikatika zinapatikana za kubadilisha? Kuna fundi anayeifungua? Kisha inua kichwa, kirudishe, kifunge, ukitikise kwa mkono. Kikicheza-cheza pale dukani kikiwa kitupu, kikibeba donge kitaruka. Hakikisha inakuja na makono matatu: la bapa kwa siagi na sukari, la nyaya kwa mayai na krimu, na ndoano kwa mkate. Vingine vyote vinavyochomekwa mbele, vya kusagia na kukatia, visikuvute. Unaweza kuvinunua siku ukivihitaji.

Mume wako usimkasirikie. Anachokiogopa kipo, nakijua kwenye nyumba nyingi, na kisa chake ni kabati. Mashine ya aina hii yaweza kuwa na kilo 10 au zaidi. Ukiifungia kabatini, kila Jumamosi utasimama mbele ya mlango ukifikiria kuibeba, utarudi kwenye beseni. Kwa mkono wako ule hata usijaribu kuinyanyua. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, chukua boksi lenye ukubwa wa mashine, liweke pale mezani unapotaka ikae, karibu na soketi, na uache nafasi juu ya kuinulia kichwa. Pika nalo wiki mbili. Kama linakukera kiasi cha kulisukuma kila siku, basi jiko lako limekujibu, na afadhali lijibu wakati wa boksi. Kama umelizoea, mashine itazoeleka. Ile ya juisi muitoe, mtu mwingine aifaidi. Huenda ikakuachia hiyo nafasi yenyewe.

Na mama. Hakukosea kuhusu mikono. Mashine haijui unga wa leo umekunywa maji kiasi gani, wala haijui kama hewa ni kavu au ina unyevu. Vidole vyako vya miaka sita vinajua. Kwa hiyo usiiachie ndoano neno la mwisho. Zima, chota donge, ligeuze mezani, likunje mara tatu nne kwa kiganja kilicho wazi. Likinata sana utajua, likiwa gumu utajua, na utarekebisha. Mwambie mama kwamba mkate bado unapita mikononi, ila unapita dakika moja badala ya kumi na tano. Uvivu haumo humo. Mtu anayeamka Jumamosi kuwaokea watu wa nyumba yake mikate minne hana cha kuthibitisha.

Ikishafika nyumbani, kabla ya unga, fanya jaribio la sarafu. Chomeka kono la bapa, weka sarafu moja nyembamba ndani ya bakuli kavu, washa mwendo wa chini kabisa. Kono linapopita linatakiwa kuisogeza sarafu kidogo. Lisipoigusa, kono liko juu mno na litakuwa linaacha siagi chini bila kuchanganywa; likigonga bakuli, liko chini mno. Mashine nyingi zina skrubu ya kurekebisha kimo hicho.

Donge la mkate lipige kwa mwendo wa chini, usipande zaidi ya ule uliotajwa kwenye kitabu cha maelekezo. Haraka haikandi vizuri zaidi, inaumiza giya. Tega sikio: mwanzoni utasikia maji na mchapo, kisha sauti inakuwa nzito, kisha donge linaanza kupiga ukuta wa bakuli, pu, pu, pu, na ukuta unabaki msafi. Hapo simamisha upime utando kwa vidole. Ukisikia harufu ya moto, au sauti ya mota ikidhoofika, zima uache ipoe, na wakati ujao punguza unga. Usiiache ikifanya kazi ukaenda chumba cha pili. Donge gumu huitembeza mashine juu ya meza, na yangu niliikuta siku moja miguu yake miwili ikiwa imeshavuka ukingo. Tangu siku hiyo naweka kitambaa chenye unyevu chini yake na sibanduki. Pia msuguano wa ndoano unalipasha donge joto, jambo ambalo mikono yako haikulifanya kwa kiasi hicho, kwa hiyo maji yako ya vuguvugu yabadilishe yawe ya kawaida, na siku za joto yawe ya baridi. Donge likitoka kwenye nyuzi 24 hadi 26, hamira itafanya kazi yake bila kukimbia.

La mwisho ni hizo kilo mbili zako. Hazitaingia kwa mara moja. Mashine nyingi za nyumbani zenye bakuli la lita 4.8 hivi zinaishia kwenye kilo moja ya unga mweupe, na unga usiokobolewa ni chini ya hapo. Kanda kilo moja, litoe donge kwenye beseni la mama, kisha kanda la pili bila kuosha bakuli. Kati ya donge la kwanza na la pili acha muda ule ule ambao mikate miwili inakaa ndani ya oveni yako, dakika 35 au 40. Ya kwanza ikitoka, ya pili itakuwa imeumuka inangoja kuingia, na wewe utakuwa umekaa.

Dada yako wa safu hii